Soko ni la pamoja, lakini kila nchi humbembeleza mwekezaji kivyake

KAMPUNI kubwa ya kigeni inapotafuta mahali pa kujenga kiwanda Afrika Mashariki, huongozwa na hesabu mbili kuu: ukubwa wa soko na kodi itakayotozwa. Hesabu ya kwanza imo mikononi mwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAC, yenye makao yake Arusha. Ya pili ingali mikononi mwa kila serikali, na hapo ndipo mapato ya umma huvujia.

Mvuto wa soko hilo hautiliwi shaka. Tangu Umoja wa Forodha uanze mwaka wa 2005, bidhaa za kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja: malighafi asilimia 0, bidhaa zinazohitaji kusindikwa zaidi asilimia 10, na zilizokamilika asilimia 25. Mwaka wa 2022 kiliongezwa kiwango cha nne, cha asilimia 35. Hivyo, anayeleta bidhaa kutoka ng'ambo hukumbana na ukuta, ilhali anayezitengeneza Athi River au Jinja huzivusha mipaka bila ushuru huo, mradi atimize masharti ya asili ya bidhaa. Isitoshe, Somalia ilipojiunga mwaka wa 2024, wanachama walifika 8.

Hata hivyo, Arusha haitoi leseni za uwekezaji wala haitozi kodi ya mapato. Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini mwaka wa 1999, unazitaka nchi wanachama kuoanisha vivutio vya uwekezaji ili kanda iwe eneo moja. Kivitendo, kila nchi imeshika njia yake. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 1990 kuhusu maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuzwa nje, EPZ, ilisamehe kampuni kodi ya mapato kwa miaka 10. Tanzania ilifuata na msamaha kama huo mwaka wa 2002. Rwanda nayo, mwaka wa 2015, ilizipa kampuni za kimataifa zinazoweka makao yao nchini humo na kuwekeza angalau dola milioni 10 kiwango cha asilimia 0.

Ushindani huo ulijitokeza wazi katika mradi wa bomba la mafuta ghafi ya Uganda. Kenya ilitaka bomba hilo lipitie Lokichar hadi Lamu. Mwaka wa 2016, Uganda iliamua lielekee Tanga, umbali wa kilomita 1,443 kutoka Hoima. Kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies, yenye hisa asilimia 62, ilikuwa na njia mbili za kulinganisha. Majirani wawili walikuwa na mteja mmoja wa kugombania.

Si kwamba misamaha ya kodi haina faida. Viwanda vya EPZ nchini Kenya vimeajiri makumi ya maelfu ya watu. Lakini jirani anapotoa msamaha ule ule, hauwi tena kivutio, bali zawadi kwa kampuni ambayo huenda ingekuja kwa sababu ya soko. Pengo linaloachwa hujazwa na mlipa kodi wa kawaida, au hospitali hukosa dawa.

Kanuni za pamoja zinawezekana. Itifaki ya Umoja wa Forodha haikuruhusu viwanda vya EPZ kuuza ndani ya Jumuiya zaidi ya asilimia 20 ya bidhaa zao za mwaka, tena kwa kulipiwa ushuru kamili. Aidha, katika soko la COMESA, ambalo Kenya ni mwanachama wake, Tume ya Ushindani ilianza mwaka wa 2013 kukagua miungano ya kampuni zinazofanya biashara katika zaidi ya nchi moja. Kampuni hizo hazikukimbia. Zilipeleka maombi yao Lilongwe.

Kinachosalia ni serikali kukubaliana kikomo kimoja cha misamaha ya kodi, na kukiheshimu hata mwekezaji anapotishia kuhamia kwa jirani. Kidole kimoja hakivunji chawa.