"Play" ya Kiingereza Inapofika Ugogo

Neno la Kiingereza "play", ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi hulifahamu kwanza kwa maana ya kucheza, hutumika kwa mpira, karata, santuri, ala za muziki na hata usukani uliolegea, hivyo tafsiri moja haiwezi kulitosheleza. Kwa upande wa jukwaani Kiswahili husema tamthilia, yaani utungo ulioandikwa ili uigizwe, kama ile ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina la *Mabepari wa Venisi*, ikachapishwa mwaka 1969.

Ugumu halisi, na utamu wake, umo katika muziki. Kiswahili hutenganisha kupiga ngoma, yaani kuitoa sauti, na kucheza ngoma, yaani kuufuata mdundo kwa mwili, ilhali "play" humhusu mpigaji peke yake. Miongoni mwa Wagogo wa Dodoma vitendo hivyo viwili hukutana katika muheme, ngoma ya wanawake, ambamo wapigaji hubana ngoma zao kati ya mapaja na kuzipiga kwa viganja huku miili yao ikicheza. Kupiga ala hakuhitaji kugonga, kwa kuwa hata zeze, ambalo nyuzi zake husuguliwa kwa upinde, hupigwa, na ilimba, ambayo vibao vyake vya chuma hubonyezwa kwa vidole gumba, hupigwa vilevile. Kwa hiyo mfasiri anayeandika kwamba Hukwe Zawose, msanii wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, "alicheza zeze" humnyima gwiji huyo kazi yake yenyewe, kwani Zawose alilipiga.