Ushuru wa mazao Tabora: Mkulima aulize kilichokatwa kimekwenda wapi

MASOKO ya tumbaku yanapofunguliwa mkoani Tabora, miji midogo kama Urambo, Kaliua na Sikonge hubadilika sura. Nyumba za wageni hujaa, mafundi baiskeli na pikipiki hawapati usingizi, wauza bati na saruji huongeza shehena, na mama ntilie huinjika sufuria mbili zaidi. Waliokuwa wakikopa sukari na sabuni tangu masika hulipa madeni yao. Mwenye duka anayeijua kazi yake katika miji hii hafungi hesabu Desemba. Huzifunga wakulima wanapolipwa.

Yupo mwingine anayezisubiri fedha hizo kwa hamu kama mwenye duka, naye ni halmashauri. Kila kilo ya tumbaku inayouzwa kwenye chama cha msingi huingiza kitu katika mfuko wake kwa njia ya ushuru wa mazao. Kwa halmashauri za wilaya zenye mji mdogo na vijiji vingi, ushuru huo si nyongeza tu, bali ndio uti wa mgongo wa mapato yake ya ndani.

Haikuwa hivyo siku zote. Hadi mwaka 2003 kila mtu mzima alidaiwa kodi ya maendeleo, na wengi wanakumbuka mgambo walivyokuwa wakiwavizia watu minadani na kwenye vilabu vya pombe wakidai stakabadhi. Serikali iliifuta kodi hiyo mwaka huo pamoja na msururu wa ushuru mdogo mdogo ulioitwa kero. Mwaka uliofuata, wafanyabiashara ambao mauzo yao kwa mwaka hayakuzidi shilingi milioni 20 waliondolewa ada ya leseni. Serikali Kuu iliahidi fidia, na asilimia 20 ya fidia hiyo ilitakiwa ifike vijijini. Katika vijiji vingi, ukiuliza ilifika lini, utajibiwa kwa kicheko.

Baadaye kodi ya majengo nayo ilianza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 imekuwa ikikatwa kupitia umeme. Halmashauri ya mji mkubwa yenye viwanda na hoteli bado ina pa kushika. Ile ya Urambo au Sikonge imebaki ikitazama barabara na kuhesabu mazao yanayopita.

Kuishi kwa kutegemea kinachopita njiani si jambo geni katika nchi hii ya Wanyamwezi. Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na Tabora, ambayo wageni wa wakati ule waliiita Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha kupumzikia, kubadilisha wapagazi na kununua chakula. Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga matembe yao na kulima mashamba. Pembe za ndovu zilishuka pwani, merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba zikapanda bara. Msafara wa mamia ya watu ulihitaji kula kila siku, hivyo mkulima wa Unyanyembe aliyekuwa na ziada ya mtama au mpunga alikuwa na soko mlangoni pake.

Misafara haikupita bure. Watemi na wakuu wa njiani walidai hongo, yaani malipo ya kupita katika nchi yao na kutumia maji yao, na yalilipwa hasa kwa nguo. Ugogo ndiko hongo ilikokuwa nzito zaidi, kwa sababu mwenye kisima katika nchi kame ndiye mwenye kauli. Leo neno hilo hilo lina maana ya rushwa. Msomaji anaweza kujiuliza mwenyewe malipo halali ya njiani yaligeukaje kuwa jina la uovu, lakini kila mwenye kusafirisha mazao kupitia mageti mengi ana jibu lake mfukoni.

Mwishoni mwa miaka ya 1850 mtemi mpya wa Unyanyembe, Mnywa Sele, alitaka bidhaa za wafanyabiashara wa Kiarabu zilipiwe ushuru, jambo ambalo mtangulizi wake, Fundikira, hakuwafanyia. Wafanyabiashara walikataa, wakamuunga mkono Mkasiwa ashike utemi, na mapigano yaliyofuata yaliharibu mashamba na biashara kwa miaka kadhaa. Mnywa Sele aliuawa mwaka 1865. Miaka sita baadaye ukazuka ugomvi mwingine, safari hii kati ya wafanyabiashara wa Tabora na Mirambo wa Urambo. Mirambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na Stanley, aliyekuwa Kwihara mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka upande wa kusini baada ya kushiriki katika vita hivyo na upande wake kushindwa.

Tunayakumbusha haya kwa sababu hoja iliyokuwapo wakati ule ndiyo iliyopo sasa. Nani ana haki ya kutoza mali inayopita? Kiasi gani? Na anayetozwa anapata nini?

Swali la kiasi lina jibu kwenye maandishi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, namba 9 ya mwaka 1982, ndiyo inayozipa halmashauri mamlaka ya kutoza ushuru wa mazao. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa asilimia 5 ya bei ya shambani. Mwaka 2017 kilishushwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara, tumbaku ikiwamo, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Viwango vya namna hii huweza kuguswa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo kabla ya msimu si vibaya mkulima akamuuliza mtendaji wa kijiji au ofisa biashara wa halmashauri kiwango cha mwaka huo ni kipi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ushuru huu hulipwa na mnunuzi, si mkulima. Kampuni inayonunua tumbaku ndiyo inayopaswa kuipelekea halmashauri fedha hizo. Kwa hiyo mkulima akiona kwenye karatasi yake ya malipo makato ya pembejeo, ya chama cha msingi na ya chama kikuu, hayo ni mambo mengine, na kila moja lina maelezo yake. Akikuta na ushuru wa halmashauri umeondolewa kwenye fedha zake, ana haki ya kuuliza kwa sauti. Ni kweli kwamba mnunuzi naye si mjinga. Anapopanga bei huuhesabu ushuru kama gharama yake, na kwa njia hiyo sehemu yake humrudia mkulima kupitia mlango wa nyuma. Kwa sababu hiyo hiyo mkulima hapaswi kusema kuwa fedha hizo hazimhusu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkulima ameuza kilo 1,200 za tumbaku kwa wastani wa shilingi 5,000 kwa kilo. Amepata shilingi milioni 6 kabla ya makato. Ushuru wa asilimia 3 ni shilingi 180,000. Chama cha msingi chenye wakulima 200 wa namna hiyo kimeiingizia halmashauri shilingi milioni 36 kwa msimu mmoja. Hicho ni chama kimoja tu.

Sasa tufuate fedha hizo mpaka mjini. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika mfano wetu, milioni 36 za chama kile zinapaswa kuzaa mikopo ya shilingi milioni 3.6. Fedha hiyo inaweza kumnunulia fundi cherehani vyarahani kadhaa, kukipa kikundi cha warina asali mizinga ya kisasa, au kumwongezea mtaji mama anayekaanga samaki stendi. Kwa maneno mengine, tumbaku iliyouzwa kijijini inaweza kumkopesha mchuuzi wa mjini ambaye hajawahi kushika jembe la tumbaku, na mchuuzi huyo ana kila sababu ya kutaka ushuru ukusanywe wote.

Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, kisha ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi hewa si hadithi ya ofisini. Kikundi hewa ni milioni 3.6 za chama kile zilizokwenda kwa watu wasiokuwapo, huku kikundi cha kweli kikiambiwa fedha zimekwisha.

Mfanyabiashara mdogo wa mazao naye ana lake la kujua. Mwaka huo huo wa 2017 Serikali ilitangaza kuwa mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru. Anayebeba magunia matano ya mahindi kutoka Sikonge kwenda kuuza Tabora mjini yumo ndani ya msamaha huo. Lakini ajihadhari na lumbesa. Tani ni uzito, si idadi ya magunia. Magunia manane yaliyoshonewa kilemba, kila moja likiwa na kilo 130, yana kilo 1,040, na hapo mwenye mzigo amekwisha kuvuka mpaka bila kujua. Lumbesa humpunja mkulima shambani, kisha humponza mchuuzi getini. Ushuru wa meza sokoni ni kitu kingine na msamaha huu hauugusi. Kwa malipo yoyote, dai stakabadhi ya mashine. Anayekwambia mashine ni mbovu na kukuomba umpe nusu bila stakabadhi anakurudisha kwenye hongo kwa maana yake ya leo.

Wapo wakulima na wachuuzi wanaopitisha mazao usiku kwa njia za panya, hata pale ambapo ushuru ni mdogo kuliko mafuta wanayoteketeza kuzunguka. Maofisa huwaita wakwepaji. Neno hilo ni sahihi, lakini halielezi yote. Watu wa mkoa huu hawakatai kuchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi huku Unyamwezi na Usukumani, wanavijiji walianzisha sungusungu kwa nguvu zao wenyewe, wakatoa muda wao, chakula chao na michango yao, kwa sababu kila mmoja aliona ng'ombe wakilala salama. Anayelipa ushuru miaka kumi na daraja la kwenda chama cha msingi bado ni magogo mawili, hoja yake ya kuzunguka usiku haiwezi kujibiwa na geti jingine.

Sheria imempa mwananchi mahali pa kuulizia. Mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na humo husomwa mapato na matumizi. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi; huwezi kuchangia hoja, lakini unaweza kukaa na kumsikiliza diwani wako amesema nini, au kama amesema chochote. Sheria ndogo ya kuanzisha au kubadilisha ushuru haiwezi kupitishwa kimya kimya. Wananchi wanapaswa kutangaziwa kwanza ili watoe maoni.

Tatizo ni kalenda. Bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai Mosi, wakati ambapo mkulima wa tumbaku ana kazi nyingi kuliko wakati mwingine wowote: anahamisha miche mvua zikianza, anapalilia, kisha anavuna na kuchoma moto mabanini usiku na mchana. Mkutano ukiitwa Januari saa nne asubuhi, watakaofika ni wazee, wenyeviti wa vitongoji na wenye nafasi. Akidi haitimii, mtendaji anaandika muhtasari hivyo hivyo, na vipaumbele vya kijiji vinanakiliwa kutoka mwaka uliopita.

Urambo inajua vizuri gharama ya mipango isiyomuuliza mkulima. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliichagua, pamoja na Kongwa na Nachingwea, kwa mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yaling'oa miombo, fedha nyingi zikamwagika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Tumbaku ilikuja baada ya hapo.

Njia ya misafara yenyewe inabadilika tena. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na kuwamaliza wapagazi. Mikataba ya kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kisha Isaka na Kigoma, ilisainiwa mwaka 2021 na 2022. Treni iendayo kasi haisimami kila kijiji, na mji ambao mizigo haitashuka hautakuwa na geti la kukusanyia.

Kwa sasa mizigo ya tumbaku bado inapimwa kwenye vyama vya msingi, na siku ya soko wakulima wote wapo, wamekaa chini ya miembe wakisubiri zamu zao za mizani kwa saa nyingi. Mtendaji wa kijiji anayelalamika kwamba akidi haitimii angeweza kubeba daftari lake la mapato na matumizi akaenda huko.