Kuta za Kapenguria na Ndimi za Ukambani

Jela hujengwa ili waliomo wasionekane wala wasisikike. Kwa hiyo jela inapogeuzwa makumbusho, kama ilivyofanyika Kapenguria mwaka 1993, maana yake hupinduka: mahali palipokusudiwa kuwanyamazisha watu hutakiwa sasa kuwasemea. Swali linalowahusu walimu na wanafunzi wa Kitui na Makueni ni hili: je, kuta peke yake zaweza kusema?

Msafiri anayetoka Ukambani hadi Pokoti Magharibi huoneshwa vyumba vya jela walimofungiwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Achieng' Oneko na Paul Ngei, baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kijana wa Makueni hana budi kusimama kidogo mbele ya jina la Ngei, mzaliwa wa Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992.

Hata hivyo, funzo kuu la Kapenguria limo katika maneno kuliko katika mawe. Kesi yenyewe ilisikilizwa katika jengo la shule. Mashahidi walisema Kikuyu, naye hakimu, Ransley Thacker, akasikia Kiingereza. Baina yao alikaa mkalimani, Louis Leakey. Wakili wa washtakiwa, D. N. Pritt, alizilalamikia tafsiri zake, na Leakey akaiacha kazi hiyo kesi ikiwa ingali inaendelea. Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Baadaye rufaa ya Oneko ilifaulu, lakini hakuachiliwa. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkuu wa serikali, akatangaza kwa kiapo kwamba alikuwa amesema uongo mahakamani. Ndiyo kusema uhuru wa watu hao ulining'inia juu ya ulimi: nani alisema, nani alitafsiri, nani aliapa.

Sasa tugeuze macho nyumbani. Habari za Ukambani katika miaka hiyo ni tata. Wakamba wengi walitumikia jeshi la King's African Rifles na polisi. Wengine, hasa waliofanya kazi Nairobi na katika reli, walishukiwa kula kiapo, wakakamatwa na kutiwa kizuizini. Yamkini ukoo mmoja ulikuwa na askari na mfungwa pia. Utata huo haukai vizuri ndani ya kabati la kioo, na labda ndiyo sababu hatupendi kuuzungumza. Abiria apitaye Mtito Andei kuelekea Voi huipita Manyani, palipofunguliwa kambi kubwa ya kizuizini mwaka 1954. Mahali hapo hapakuwa makumbusho; pamebaki kuwa gereza.

Walioyaona mambo hayo wakiwa vijana wamekwisha kupita miaka themanini, na kila mwaka idadi yao hupungua. Kungoja serikali ijenge makumbusho kwanza ni kungoja hadi pasiwe na wa kuhojiwa. Shule zetu zina daftari, zina kalamu, na wanafunzi wengi wana nyanya na babu. Mwalimu wa historia na mwalimu wa lugha na washirikiane: wanafunzi wawaendee wazee, askari wa zamani na wafungwa wa zamani bila ubaguzi, na pale ambapo wenyewe hawapo, wawaulize watoto wao.

Sharti ni moja. Maneno yaandikwe kwanza kwa Kikamba, kama yalivyotamkwa, ndipo yatafsiriwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na jina la mfasiri litajwe. Kapenguria imetufunza hasara ya kumhukumu mtu kwa maneno ya mkalimani wake. Tusiwatendee wazee wetu jambo lile lile, tukidhani tunawaheshimu.