Mazda RX-7 ya Turbo Mbili: Pima Injini Kabla ya Kusifia Rangi

Gari la michezo lenye umri wa miaka thelathini kwa kawaida hukaguliwa kwa macho na masikio: kutu, rangi, bushi, moshi, mlio. Kwa Mazda RX-7 ya kizazi cha tatu, ile ambayo wapenzi wake huiita FD, utaratibu huo humtia mnunuzi hasarani. Gari hili lilitengenezwa Japani tangu mwishoni mwa 1991 hadi 2002. Bodi yaweza kung'aa, injini ikavuta vizuri barabarani, na bado ikawa imebakiza miezi michache tu. Karibu thamani yake yote imo ndani ya injini ndogo iitwayo 13B, na injini hiyo hufa bila kupiga kelele ambazo mafundi wengi tumezizoea.

Ndani yake hamna pistoni wala vali. Kuna rota mbili zenye umbo la sambusa iliyojaa nyama, kila moja ikizunguka katika chumba cha mviringo mrefu uliobanwa kidogo katikati. Kila ubavu wa rota huvuta hewa na petroli, huigandamiza, huilipua, kisha husukuma moshi nje, na shafti huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa rota. Chumba kimoja kina cc 654, hivyo injini nzima ni cc 1308. Kwa msaada wa turbo mbili ilitoa nguvu za farasi 255 katika matoleo ya mwanzo na hadi 280 kuanzia 1999, katika gari lenye uzito wa takribani kilo 1,300.

Kwenye kila ncha ya rota kuna sili, kipande chembamba cha chuma chenye unene wa milimita 2, kinachokwaruza ukuta wa chumba bila kupumzika. Sili hizi ndizo zilizowatesa wahandisi tangu Mjerumani Felix Wankel alipoleta wazo lake. Mazda walipokuwa wakiandaa Cosmo Sport, gari lao la kwanza la rota lililoingia sokoni 1967, kikosi cha Kenichi Yamamoto kilikuta mistari ya mikwaruzo ukutani, wakaipa jina la kucha za shetani. Tatizo hilo walilitatua. Kilichobaki ni kwamba sili zinategemea mambo mawili, oili na joto la wastani, na zikikosa kimojawapo hazisamehe.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza, kabla hata ya kuzungumza bei, ni cha mgandamizo. Hapa wengi hudanganyika. Geji ya kawaida ya injini ya pistoni hushika namba ya juu kabisa na kuibakiza hapo. Rota moja ina kuta tatu, yaani zile mbavu zake. Ukuta mmoja ukiwa mzima na miwili imechoka, geji hiyo itakuonyesha ule mzima tu. Kinachotakiwa ni kipimo maalumu cha rota, kinachosoma kuta zote tatu moja baada ya nyingine na kuonyesha pia kasi ya stata. Injini iwe ya moto, betri imejaa, petroli imekatwa kwa kuchomoa fyuzi, kanyagio la mafuta limekanyagwa hadi mwisho. Mazda waliweka kiwango cha chini kuwa kama kilo 7 kwa sentimita ya mraba, yaani psi 100, stata ikizungusha injini mizunguko 250 kwa dakika, na kuta zisipishane kwa zaidi ya kilo moja na nusu. Mimi huangalia zaidi upishano huo. Rota mbili zilizochoka sawasawa bado zitakupa muda wa kujipanga. Rota yenye ukuta mmoja ulioporomoka huenda ina sili iliyovunjika au iliyokwama, na hapo unanunua bodi, injini ni ya kushusha. Kumbuka pia mwinuko: Nairobi, iliyo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, itatoa namba ndogo kuliko Mombasa kwa injini ileile, kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi.

Muuzaji akikuambia kipimo hakina haja kwa sababu gari "linawaka mara moja", omba uliwashe tena baada ya kuliendesha nusu saa na kulizima dakika kumi. Injini ya rota iliyochoka huwaka vizuri asubuhi, ikakataa ikiwa ya moto.

Uchakavu wa sili ndio adui wa kwanza; joto ndilo wa pili, na mimi humwogopa zaidi. Mlipuko katika injini hii hutokea upande uleule kila mara na hewa baridi huingia upande mwingine, hivyo upande mmoja wa injini huwa wa moto mno na mwingine hupoa. Tena kuta za vyumba, ambazo ni za aluminiamu, zimebanwa kwa boliti ndefu katikati ya sahani za chuma cha kuyeyushwa, na madini hayo mawili hayatanuki sawa. Katikati yao kuna mipira myembamba inayozuia maji ya rejeta yasiingie kwenye chumba cha mlipuko. Gari likichemsha hata mara moja, mipira hiyo inaweza kuungua. Dalili zake ni moshi mweupe wenye harufu tamu asubuhi, injini kutetemeka sekunde chache za kwanza, na maji yanayopungua bila kuonekana yanakovuja. Fungua kifuniko cha maji injini ikiwa baridi, iwashe, uangalie. Mapovu yasiyokoma ni habari mbaya.

Ubaya ni kwamba geji ya joto iliyotoka kiwandani haisemi ukweli wote. Mshale hukaa katikati kwa muda mrefu huku joto likipanda, na ukianza kusogea umeshachelewa. Kwa hiyo fedha ya kwanza baada ya kununua naishauri iende kwenye geji huru ya joto la maji, ya pili kwenye rejeta na mipira yake. Matoleo ya mwanzo yana kitangi cha plastiki cha kutenganisha hewa na maji, ambacho hupasuka kwenye mshono. Weka cha aluminiamu. Feni za matoleo hayo pia huanza kuzunguka joto likiwa limeshapita nyuzi 100, jambo lisilofaa kwenye foleni ya mji wowote.

Turbo nazo zina tabia zake. Ya kwanza hufanya kazi peke yake katika mizunguko ya chini, ya pili huungana nayo karibu na 4,500. Endesha kwa gia ya tatu kuanzia 2,500 ukitazama geji ya msukumo: inapanda hadi karibu psi 10, inashuka kidogo turbo ya pili inapoingia, kisha inarudi 10. Ikibaki chini, usikimbilie kulaumu turbo. Chini ya mabomba ya hewa kuna msitu wa mipira myembamba inayoamrisha vali za turbo hizo, na joto la miaka mingi huifanya iwe migumu kama kijiti. Kuibadilisha yote ni kazi ya kuchosha, lakini ni nafuu. Ukiwa hapo nusa petroli: kidhibiti cha mapigo ya mafuta kilichofichwa upande huo hupasuka kwa uzee, na magari yameungua kwa sababu yake.

Kuhusu gari lililoongezewa nguvu nina msimamo mkali. Mtu akitoa bomba la moshi la kiwandani, akaweka kubwa na kichujio cha wazi, hewa huongezeka na msukumo hupanda kupita kiasi, huku kompyuta ikiendelea kutoa petroli ileile. Mchanganyiko ukikosa petroli ya kutosha, mlipuko huja kabla ya wakati, sili hukatika, na kipande chake hutokea kwenye bomba la moshi kikiharibu turbo njiani. Yote hayo huchukua sekunde. Gari la kiwandani lenye kilomita nyingi naliamini zaidi kuliko lililoongezewa lenye kilomita chache, isipokuwa mwenyewe aonyeshe kompyuta mpya na karatasi za aliyeirekebisha.

Matunzo ya kila siku ni mepesi. Injini hii huchoma oili kwa makusudi: kuna pampu inayoidondoshea chumbani ili kulainisha sili. Oili ikipungua kidogo kati ya sevisi, usihangaike. Isipopungua kabisa, kagua pampu na vijibomba vyake vya plastiki vinavyokauka na kupasuka. Badilisha oili kila kilomita 5,000 au kabla. Usiwashe injini baridi kwa ajili ya kulisogeza gari kidogo kisha ukaizima, kwani plagi zote nne zitalowa petroli na huenda usiiwashe tena siku hiyo.

Kwa msomaji wa Kenya, sheria ya umri wa miaka minane inazuia FD kuingia kama gari la kawaida la mtumba. Rota utakayokutana nayo gereji ni ya Mazda RX-8, iliyotengenezwa hadi 2012, isiyo na turbo. Kipimo cha mgandamizo ni kilekile cha kuta tatu. Ila yenyewe anza na koili za plagi: zikichoka, petroli isiyoungua huenda kuunguza kikatalisti, kikaziba, na joto lililopaswa kutoka nje likarudi kwenye injini.