Bunduki Kuukuu za Nepal

Sheria ya taifa la Marekani, tangu mwaka 1968, huihesabu bunduki iliyoundwa kabla ya mwaka 1899 kuwa kitu cha kale. Aghalabu huingizwa nchini humo bila leseni ya silaha. Ndipo mwaka 2003 wafanyabiashara wa huko wakanunua shehena ya jeshi la Nepal, iliyolimbikwa katika kasri kuukuu mjini Kathmandu: maelfu kwa maelfu ya bunduki, zikiwamo Martini-Henry, aina waliyoishika Waingereza walipopigana na Wazulu mwaka 1879.

Wanunuzi siwalaumu. Mtu akipangusa grisi iliyoganda, huenda akaona taji la Malkia Victoria, mwaka wa kuundwa, na herufi za Kinepali zilizotiwa na kikosi kilichoipokea. Mwalimu gani wa historia asingeitamani hati kama hiyo ya chuma?

Lakini hati hizo zilikuwa pamoja. Zilionyesha jinsi ukoo wa Rana, uliowasaidia Waingereza kuzima maasi ya India ya mwaka 1857, ulivyojihami baadaye. Sasa zimetawanyika sebuleni mwa watu, na iliyosuguliwa kwa msasa hupoteza hata herufi zake. Naona nchi inayouza ghala la namna hiyo yapaswa kwanza kunakili alama za kila bunduki daftarini, ndipo makasha yafungwe. Ni kazi ya makarani wachache, na ujira wao autoe mnunuzi.