Polo ya Baiskeli: Kanuni za Kuanza Mchezo na Usalama wa Ubongo

Polo ya baiskeli ni mchezo ambao wachezaji hupanda baiskeli badala ya farasi, na kuupiga mpira kwa gongo, yaani mpini mrefu wenye kichwa cha plastiki ngumu. Ulibuniwa na Richard J. Mecredy huko Wicklow, Ireland, mwaka 1891 na kuchezwa kwenye nyasi, lakini aina iliyoenea leo, ya timu za watu watatu watatu kwenye lami au saruji, ilichipuka miongoni mwa matarishi wa baiskeli wa Seattle, Marekani, yapata mwaka 2000. Sehemu yake inayohitaji tahadhari kubwa ni mwanzo, na sababu zake zinafahamika vyema zaidi kutokana na utafiti wa majeraha ya kichwa uliofanywa Stockholm, Uswidi.

Mchezo unapoanza, mpira huwekwa katikati ya uwanja, kila timu hujipanga nyuma ya mstari wa goli lake, na ishara inapotolewa mchezaji mmoja wa kila upande huukimbilia mpira. Ikiwa kila mmoja anakwenda kwa kasi ya kilomita 18 kwa saa, wanakaribiana kwa kilomita 36 kwa saa, na kwa kuwa nishati ya mwendo huongezeka mara nne kasi inapoongezeka mara mbili, ongezeko dogo la mwendo huzidisha sana madhara ya mgongano. Ndiyo maana wachezaji hukubaliana mapema upande ambao kila mmoja ataupitia mpira, ili njia zao zisikutane.

Helmeti haiwezi kuchukua nafasi ya makubaliano hayo. Kiwango cha Ulaya cha EN 1078 huipima helmeti ya baiskeli kwa kuiangusha kwenye chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita moja na nusu. Kipimo hicho kinalenga mtu anayeanguka kutoka kwenye baiskeli yake, si wapanda baiskeli wawili wanaogongana ana kwa ana.

Aidha, pigo la kipimo hicho ni la moja kwa moja, ilhali kichwa cha anayeanguka akiwa mwendoni hugonga ardhi kwa mshazari na kuzungushwa ghafla. Fuvu hugeuka kabla ya ubongo, nao ubongo, ambao ni laini mno, huvutwa kwa nguvu ya mkato, yaani nguvu inayosukuma tabaka za tishu pande tofauti na kuweza kuchana nyuzi za neva. Mwaka 1996 daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst, wa Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, alianza kulichunguza tatizo hili pamoja na Peter Halldin wa Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia, KTH. Utafiti wao ulizaa mfumo wa MIPS, ambao ni utando mwembamba ndani ya helmeti unaoiruhusu iteleze milimita chache juu ya kichwa na kupunguza mzunguko unaoufikia ubongo. Helmeti ya kwanza yenye mfumo huo, iliyotoka mwaka 2007, ilikuwa ya wapanda farasi.

Hata Uswidi, ulikofanyika utafiti huo, sheria iliyoanza mwaka 2005 huwalazimu walio chini ya umri wa miaka 15 tu kuvaa helmeti waendeshapo baiskeli, hivyo mchezaji mtu mzima wa huko hulindwa na kanuni za mchezo zaidi ya sheria ya nchi. Kabla ya kuingia uwanjani ahakikishe kwamba breki zinashika, na ncha za usukani zimezibwa ili bomba lililo wazi lisimchome mtu. Mchezo ukiendelea, anayekanyaga chini hana ruhusa ya kuucheza mpira hadi aende kugusa mahali palipowekwa pembeni mwa uwanja, na kugongana huruhusiwa kwa vitu vya aina moja tu: mwili kwa mwili, baiskeli kwa baiskeli, gongo kwa gongo.

Helmeti hupunguza madhara ya ajali iliyokwisha kutokea, lakini kanuni huizuia isitokee. Kwa hiyo mgeni wa mchezo huu afundishwe kwanza namna ya kuupita mpira kwa usalama, ndipo afundishwe kuupiga.