Mmoja kati ya Wanne

Juzi binti yangu, mwanafunzi wa chuo, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa baiolojia. Swali lenyewe: baba na mama kila mmoja ana jeni moja ya selimundu, wao hawaumwi; je, mtoto wao ana uwezekano gani wa kuugua? Akajibu: mmoja kati ya wanne.

Jirani yetu, mjamzito, ambaye mtoto wake wa kwanza anaugua, akashusha pumzi. "Afadhali, Baba Neema. Yule mmoja nimeshampata. Watatu wajao watakuwa wazima."

La hasha! Hapo ndipo wengi tunapopotea, hata wenye vyeti. Kila mimba, wazazi wote wawili hurusha shilingi upya. Pande mbaya zikilala juu zote mbili, mtoto anaugua. Na shilingi haikumbuki jana ililalaje.

Mwenye jeni mbili, chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo; ndiyo asili ya yale maumivu makali. Mwenye moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo alilolionyesha Anthony Allison mwaka 1954. Ndiyo maana jeni hii haikutoweka katika nchi zetu za mbu.

"Sasa huyu wa tumboni?" akauliza mama yule.

Nikamwambia: naye ni mmoja kati ya wanne, sawasawa na kaka yake. Apimwe damu mara tu akizaliwa, kwani akijulikana mapema zipo dawa za kumkinga na maambukizo.

Alinyamaza kidogo. "Basi jioni nitakuja na mume wangu, aisikie kwako."